Kihenge na Bahari

Jioni moja hapa Ndalambo, binti wa kaka yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, aliniletea daftari lake. "Baba mdogo," akasema, "mwalimu anataka tueleze maana ya jina la kitabu." Kitabu chenyewe kilikuwa Things Fall Apart cha Chinua Achebe, kilichotoka mwaka 1958. Kamusi alikwisha kuifungua. Chini ya swali alikuwa ameandika: "Vitu vinaanguka mbalimbali."

Sikucheka, maana mimi nami nilisoma hivyo hivyo. Enzi zetu, ukiulizwa maana ya neno lililomo katika habari, uliitafuta sentensi yake, ukainakili nzima, ukapata alama zako. Kwa mtindo huo nilifaulu, nikaheshimiwa kijijini kwa Kiingereza ambacho nusu yake sikukielewa.

Basi, kwa kuogopa kuumbuka, nikakimbilia tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973, Hamkani si Shwari Tena. Nikamsomea jina hilo kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi. Mtoto akanitazama. "Shwari ndiyo nini?"

Msomaji, swali hilo lilinipata. Shwari ni utulivu wa bahari. Mtoto huyu hajaiona bahari, na nyumbani huongea Kinyamwanga na bibi yake. Nilikuwa nimemwongezea fumbo badala ya kumpa jibu.

Tangu siku hiyo nimelipima jina hilo upya. Ni zuri, lina mdundo wake, na mfasiri alifanya vema kukataa kufuata neno kwa neno. Hata hivyo, naona lina upungufu. Bahari huchafuliwa na upepo, na upepo ukipita hutulia. Neno "tena" linajitahidi kutuambia kwamba utulivu haurudi, lakini picha ya bahari inalipinga. Isitoshe, upepo hutoka nje. Katika riwaya ya Achebe wageni walitoka nje, ni kweli, ila waliwakuta ndani watu wenye uchungu wao: mama ambaye mapacha wake walitupwa msituni, watu waliotengwa, na Nwoye, mwana wa Okonkwo mwenyewe. Obierika analiona jambo hilo: kilichokatika ni kile kilichowashikamanisha. Kiingereza kimeliweka katika neno dogo "apart", nami kwa miaka mingi nililipita nikidhani ni pambo.

Nikamwuliza mtoto, "Kihenge cha bibi kilipoharibika, kilianzaje?"

"Kamba zilioza. Fito zikaachana, mahindi yakamwagika."

"Nani alikisukuma?"

"Hakuna. Mbuzi alijisugua tu."

Akanyamaza. Kisha akafuta alichokuwa ameandika, akaandika kwa Kiingereza chake, chenye makosa mawili ya sarufi, kwamba mbuzi alikuja, lakini kamba zilikuwa zimekwisha kuoza.

Sijasoma uhakiki mrefu wa kitabu kile ulioniridhisha kuliko sentensi hiyo. Kamusi si adui. Bila kamusi asingefika hata kwenye kosa lake la kwanza. Lakini maana hakuipata kwa kuhama kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Aliipata alipokutana na kitu alichokwisha kukiona kikiachana mbele ya macho yake.

Makosa yale mawili sikuyasahihisha. Niliogopa nisije nikaigusa na sentensi yenyewe.