Orodha ya Maneno na Usomaji wa Mwanatheolojia

Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya jamii 570 za maneno ya Kiingereza cha kitaaluma. Twaithamini, kwani maneno hayo hufanya takriban asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Lakini matini alizozichunguza, zenye maneno milioni 3.5 hivi, zilitoka katika masomo 28 ya sanaa, biashara, sheria na sayansi. Theolojia haimo.

Upungufu huo waonekana katika neno "justify". Alikaririye orodhani hujua kwamba ni kutoa sababu za kutetea jambo. Akilikuta katika Warumi 3:24 atadhani Mungu amtafutia mwenye dhambi udhuru. Kumbe Paulo anena habari za kuhesabiwa haki kwa neema. Na neema ndiyo maana ya "ipyana" kwa Kinyakyusa. Mwanafunzi atokaye Ipyana, Kyela, analo neno la neema katika lugha ya mama. Akosacho ni mazoea ya sentensi za Kiingereza zilibebazo.

Basi orodha na iwe msaidizi tu. Mwanafunzi asome sura nzima ya kitabu cha ufafanuzi, anakili neno pamoja na sentensi yake, kisha alieleze kwa Kiswahili, kama atakavyopaswa kulieleza mimbarini.