Maji Yaliyopanda Mlima

Anayesimulia jumba la kifalme la Versailles, nje kidogo ya Paris, huanza na Ukumbi wa Vioo, akaendelea na dhahabu ya milango na picha za darini, akamalizia na chumba cha kulala cha mfalme. Yote hayo yanastahili kusimuliwa. Ila kwangu mimi, kazi ya mikono iliyo kubwa kuliko zote pale haimo ndani ya jumba. Iko bustanini, na sehemu yake kubwa imefukiwa ardhini. Ni kazi ya mafundi wa chemchemi, watu waliorusha maji angani mahali ambapo maji yenyewe yalikuwa ya shida.

Versailles ilianza kama nyumba ndogo ya kufikia mawindoni, iliyoanza kujengwa na Louis XIII mwaka 1623. Mwanawe, Louis XIV, akaipenda kuliko makao yake mengine, na kuanzia 1661 akaipanua bila kuchoka. Louis Le Vau, na baada yake Jules Hardouin-Mansart, walishika majengo. Charles Le Brun alishika mapambo. André Le Nôtre alishika bustani. Tarehe 6 Mei 1682 mfalme na serikali yake wakahamia huko. Tatizo lilikuwa mahali penyewe. Jumba limekaa juu ya kilima kidogo, na kukizunguka palikuwa na vinamasi. Maji yaliyokuwepo yalikuwa bondeni, tena yametuama. Mawe huletwa kwa mikokoteni, marumaru kwa mashua, na wachongaji wakiitwa huja. Mto hauitwi ukaja. Naye mfalme alitaka maji yaruke kila upande atakaoelekeza macho, na Le Nôtre alikwisha kuichora bustani ambayo bila maji haina maana.

Kanuni ya chemchemi si ngumu, na yeyote aliyepandisha tangi la maji juu ya mnara nyumbani kwake anaijua. Maji yakiwekwa juu, yakafungiwa ndani ya bomba na kushushwa, hutaka kupanda tena hadi karibu na pale yalipotoka. Nasema karibu, kwa sababu njiani yanasuguana na kuta za bomba, na yakishatoka yanapambana na hewa. Ufundi unaanzia kwenye upungufu huo. Edme Mariotte, mwanasayansi wa Chuo cha Sayansi cha Paris, aliupima kwa majaribio mengi, na kitabu chake kuhusu mwendo wa maji kikachapishwa mwaka 1686, yeye akiwa ameshafariki. Kwa mkato, ukitaka maji yaruke juu sana, bomba liwe pana na tundu la kutokea liwe jembamba. Bomba jembamba hula nguvu ya maji kabla hayajafika. Tundu pana huyamwaga yote bila kuyarusha. Kisha kuna pua yenyewe ya bomba. Kingo za tundu zikikatwa safi, maji hutoka yakiwa mshipa mmoja ulionyooka. Kukiwa na mkwaruzo hata mdogo, mshipa unatawanyika na kuanguka mapema. Na fundi hachagui urefu tu, anachagua na umbo: mkuki mmoja mrefu, fungu la mishipa mingi, au pazia jembamba linaloteremka ukingoni mwa marumaru.

Ujuzi huu Wafaransa waliupokea kutoka Italia. Tommaso Francini, mzaliwa wa Firenze, aliletwa na Mfalme Henri IV mwishoni mwa karne ya 16, akatengeneza mapango ya maji katika jumba la Saint-Germain-en-Laye, yenye sanamu zilizotembezwa na nguvu ya maji. Mwaka 1623 alipewa usimamizi wa maji na chemchemi zote za mfalme. Wanawe, ambao jina lao lilikwisha kugeuka Francine kwa matamshi ya Kifaransa, ndio waliomfanyia kazi Louis XIV pale Versailles. Mojawapo ya kazi zao za awali ilikuwa pango la Thetis, chumba kilichopambwa kwa kombe na mawe, lambo la maji likiwa juu ya paa lake, na ndani kinanda cha maji kilichoiga sauti za ndege. Pango hilo lilibomolewa mwaka 1684 ili kupisha ubawa wa kaskazini wa jumba. Naona ni hasara. Ubawa ungeweza kujengwa popote.

Sasa maji yatoke wapi? Kwanza walivuta yale ya bwawa la Clagny, jirani tu na jumba, kwa pampu zilizozungushwa na farasi. Yakaisha haraka. Wakasimamisha vinu vya upepo vya kuyarudisha juu maji yaliyokwisha kutumika, ili tone lile lile liruke tena kesho. Wakavuta ya kijito cha Bièvre. Bado. Ndipo Pierre-Paul Riquet, yule aliyekuwa akichimba mfereji mkubwa wa kusini mwa Ufaransa, akapendekeza mto Loire wenyewe uelekezwe Versailles. Wazo lilimvutia mfalme, na lingekula fedha isiyohesabika. Aliyeliokoa taifa na hasara hiyo alikuwa padri na mwanaastronomia, Jean Picard, aliyekuwa ametengeneza pimamaji lenye darubini. Akaipima nchi kituo kwa kituo, akajumlisha tofauti za mwinuko, na hesabu ikasema wazi kwamba Loire, pale ulipokusudiwa kuchukuliwa, usingefika juu ya Versailles. Mfalme mwenye amri juu ya kila kitu alikubali jibu la chombo kidogo cha kupimia.

Picard hakuishia kukataa. Vipimo vyake vilionyesha kwamba nyanda za juu za kusini na magharibi ya Versailles ziko juu kuliko bustani. Huko hakuna mto, lakini mvua inanyesha. Basi mhandisi Thomas Gobert na wenzake wakatandaza mitaro kwenye mashamba, yenye mteremko mdogo kiasi kwamba kwa macho huuoni, ikikusanya maji ya mvua na kuyapeleka kwenye mabwawa ya kuchimba, na kutoka hapo kwenye malambo ya karibu na jumba. Ili kuvusha maji ya Saclay juu ya bonde la Bièvre walijenga daraja la maji la Buc, lenye matao 19, ambalo limesimama hadi leo. Katika habari yote hii, mitaro hiyo ndiyo inayonistaajabisha zaidi. Kuchimba shimo refu ni nguvu tu. Kuchimba mtaro mrefu unaoshuka kidogo sana, bila kukosea mahali popote, ni subira.

Tunasema maji hayapandi mlima. Kuanzia 1684, kule Bougival, yalipanda. Kilichoyapandisha ni Mashine ya Marly, iliyokuwa na magurudumu 14 yaliyopangwa katika mto Seine, kila moja likiwa na kipenyo cha mita 12 hivi. Magurudumu hayo yalisukumwa na mkondo wa mto, yakavuta na kusukuma safu ndefu za fito na vyuma vilivyopanda kilimani, nazo zikaendesha pampu zaidi ya 220 zilizogawanywa ngazi tatu: ya mtoni iliyapandisha maji hadi tangi la kwanza, ya pili ikayapokea, ya tatu ikayafikisha juu, zaidi ya mita 150 kutoka usawa wa mto. Yote hayo kwa mbao, chuma, shaba, risasi na ngozi. Iligonga na kulia mchana na usiku, ilivunjika mara kwa mara, na ilihitaji mafundi wa kuishi nayo kama mgonjwa wa kudumu. Hata hivyo ilifanya kazi hadi 1817.

Aliyepata sifa wakati huo alikuwa Arnold de Ville, bwana mwenye elimu kutoka eneo la Liège. Aliyeijenga kwa mikono na akili yake alikuwa fundi seremala wa huko huko, Rennequin Sualem, aliyekuwa amejifunza kutoa maji kwenye migodi. Alifariki mwaka 1708 akazikwa Bougival, na maandishi ya kaburi lake yanamtaja kuwa ndiye mvumbuzi pekee wa mashine ya Marly. Jiwe la kaburi lilisema kile ambacho baraza la mfalme halikukisema kwa sauti.

Si kila jaribio lilistahili. Mwaka 1685 ilianza kazi ya kuuvuta mto Eure kwa mfereji wa kilomita takriban 80, na maelfu ya wanajeshi wakapewa sululu na koleo. Wengi walikufa kwa homa kwenye machimbo yale. Vita ilipozuka mwaka 1688 wakaitwa mstarini, kazi ikaachwa, na matao yasiyokamilika yamebaki hadi leo kwenye bustani ya jumba la Maintenon. Hapo siwezi kusifu chochote. Ufundi unaomaliza watu kwa ajili ya starehe ya mtu mmoja umeshapotea njia.

Katika jitihada zote hizo, tangu mwanzo hadi mwisho, maji hayakutosha kuziendesha chemchemi zote kwa pamoja kutwa nzima. Kwa hiyo mafundi walifanya jambo ambalo naliona kuwa kilele cha kazi yao. Chemchemi zilizo karibu na madirisha ya jumba ziliachwa zikitiririka. Za mbali zilifunguliwa pale tu mfalme anapokaribia. Mwaka 1672 Colbert, waziri wake, alitoa maagizo ya jinsi mafundi watakavyozifungua kwa kufuata matembezi yake. Watu waliwekwa njiani. Wakimwona anakuja, wanapiga filimbi, na fundi aliye mbele anafungua koki. Mfalme akigeuka kona, anakuta maji yameshafika kimo chake. Akipita na kupotea nyuma ya ua wa miti, koki inafungwa. Kwake yeye na wageni wake, bustani nzima ilikuwa ikiruka maji wakati wote.

Fikiria ugumu wake. Bomba refu likifunguliwa ghafla, hewa iliyomo hukurupuka, maji yakatema na kukohoa mbele ya mgeni. Likifungwa ghafla, maji yaliyokuwa mbioni hugonga kwa nyuma na kuweza kupasua kiungo. Kwa hiyo lazima fundi ajue kila bomba huchukua muda gani kujaa, aanze taratibu, amalize taratibu, na bado awahi. Kuanzia 1689 mfalme mwenyewe aliandika maelekezo ya namna ya kuonyesha bustani zake: pitia hapa, simama pale, geuka utazame. Husomwa kama mwongozo wa wageni. Mimi nikiusoma naona pia ratiba ya koki.

Chukua chemchemi moja tu, ile ya Latona, iliyo chini ya ngazi za jumba. Inasimulia kisa cha kale cha Latona, mama wa Apollo na Diana, aliyetukanwa na wakulima wa Lycia alipotaka kunywa maji, nao wakageuzwa vyura. Gaspard na Balthazard Marsy waliichonga kati ya 1668 na 1670, na Hardouin-Mansart akaipandisha juu ya ngazi za marumaru mwaka 1687 hadi 1689, akamgeuza Latona atazame Mfereji Mkuu wa bustani. Yeye na wanawe ni marumaru. Vyura, na wale wakulima waliofikia nusu ya kugeuka, ni risasi iliyopakwa dhahabu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, humiminika vizuri kwenye kalibu, na hushika hata mkunjo wa ngozi shingoni mwa chura. Lakini ni laini. Sanamu ikisimama miaka mingi huanza kulegea kwa uzito wake, na vyuma vya kuishikilia ndani vikipata kutu huvimba na kuipasua. Ndani ya kila chura linapita bomba hadi mdomoni, na kila mdomo umeelekezwa ili maji yakutane katikati na mengine. Ukarabati wa 2013 hadi 2015 ulilazimika kugusa yote, marumaru, risasi, dhahabu na mabomba, kwa mafundi wanaojua bado njia za zamani.

Leo pampu za umeme huyarudisha maji kutoka Mfereji Mkuu hadi kwenye malambo, lakini kutoka malambo kwenda kwenye chemchemi yanashuka kwa uzito wake yenyewe, kama walivyopanga akina Francine. Mtandao una takriban kilomita 35 za mabomba, na mengi kati yake ni yale yale ya chuma cha kusubu ya enzi za Louis XIV, vipande vifupi vilivyounganishwa kwa bolti na nati. Mafundi wa sasa wanatembea na ufunguo mrefu wa chuma wa kuzungushia koki zilizo chini ya vifuniko, na hujifunza kazi kwa kufuatana na waliowatangulia, kwa kuwa hakuna duka linalouza vipuri vya mwaka 1680.

Ukijaliwa kufika Versailles, usiende siku yoyote tu. Nenda siku ambayo chemchemi zinafunguliwa, ambayo kwa kawaida huangukia mwisho wa juma katika miezi ya joto. Litazame bwawa la Neptune na mishipa yake 99. Kisha mtafute mtu aliyesimama kando ya kifuniko cha chuma na ufunguo mkononi, umsalimie na umshukuru. Anastahili sifa sawa na Hardouin-Mansart.