Nafsi na Chama katika Tawasifu ya Aoua Kéita

Tawasifu ya Aoua Kéita, Femme d'Afrique, yaani Mwanamke wa Afrika, ilichapishwa na Présence Africaine mwaka 1975, na mwaka uliofuata ikatunukiwa tuzo kuu ya fasihi ya Afrika Nyeusi itolewayo kwa waandishi wa Kifaransa. Anwani yake ndogo inaahidi maisha yaliyosimuliwa na mwenyewe. Hata hivyo, msomaji akifunguaye kitabu hiki kwa kutarajia siri za moyo hukutana zaidi na mikutano, safari za kazi na uchaguzi. Je, huu ni upungufu wa fani, au ndiyo fani yenyewe? Makala haya yanashikilia kwamba ndiyo fani, ila ina gharama ambayo mhakiki hana budi kuitaja.

Kéita alizaliwa Bamako mwaka 1912, katika koloni lililoitwa Sudani ya Kifaransa, ambalo sasa ni Mali. Baba yake alimtia shuleni mwaka 1923, ingawa mama hakuridhia. Alihitimu ukunga mjini Dakar mwaka 1931, akapangiwa kazi Gao. Mwaka 1946 yeye na mumewe, Daouda Diawara aliyekuwa daktari, walijiunga na chama cha Union Soudanaise-RDA. Mwaka 1957 alishirikiana na Aïssata Sow kuunda umoja wa wanawake wafanyakazi wa Bamako. Mwaka 1958 akaingia katika kamati kuu ya chama, mwanamke pekee humo. Na mwaka 1959 akachaguliwa kuwa mbunge.

Tukichunguza muundo, tutaona kwamba usimulizi unaongozwa zaidi na vituo vya kazi kuliko na umri wa msimulizi. Jambo hili si la bahati. Mtumishi wa serikali ya kikoloni aliishi chini ya barua ya uhamisho. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1951 huko Gao, ambapo Kéita aliukana uraia wa Kifaransa, alipelekwa Bignona, katika jimbo la Casamance nchini Senegal. Serikali ilikusudia uhamisho uwe adhabu; msimulizi anaufanya mwanzo wa sura nyingine ya mapambano. Kila kituo kina wazazi wake, na wazazi hao ndio baadaye wanaomfungulia milango ya nyua ambamo wanaume wa chama wasingeweza kuingia. Mkunga huaminiwa katika saa ambayo hotuba haifai kitu. Kwa hiyo kazi na siasa katika kitabu hiki ni uzi mmoja, na mtu anayezitenganisha ataona ukavu mahali ambapo pana hoja.

Ndoa yake inatupa mfano mzuri zaidi. Ilivunjika mwaka 1949. Hakujaliwa mtoto, na mama mkwe hakukubali mwanawe abaki bila kizazi. Mkunga aliyepokea watoto wa wenzake hakupata wa kwake: mwandishi mwingine angelijengea jambo hili tanzia nzima. Kéita analisimulia kwa kujizuia, kisha anarejea kazini. Kujizuia huku hakumaanishi kwamba hakuumia. Katika jamii iliyompima mwanamke kwa uzazi wake, kukataa kuufanya utasa kuwa kiini cha hadithi ni msimamo, na msimamo huo unasemwa na mpangilio wa kitabu bila kutangazwa. Vivyo hivyo katika kisa cha kijiji cha Singné wakati wa uchaguzi wa mwaka 1959, mkuu wa kijiji anapomkabili mgombea huyu kwa matusi kwa sababu tu ni mwanamke. Anayemtukana ni Mwafrika mwenzake, wala si ofisa Mfaransa. Na mwandishi hamfichi ili kuupendeza uzalendo wa wakati huo.

Hapa ndipo sifa zinapokoma. Masimulizi yanaishia mwaka 1960, uhuru unapopatikana. Lakini kitabu kilitoka mwaka 1975. Katikati kulikuwa na miaka minane ya utawala wa chama chake, sheria ya ndoa ya mwaka 1962 ambayo yeye mwenyewe alishiriki kuitayarisha, na mapinduzi ya Novemba 1968. Kitabu kilipochapishwa, Modibo Keïta alikuwa bado kizuizini, na Kéita alikuwa akiishi Brazzaville. Hofu kwa walio gerezani yatosha kueleza ukimya, na si haki kumlaumu mtu kwa busara ya namna hiyo. Hata hivyo, ukimya huo una mzizi pia katika fani. Nafsi iliyozoea kusema "sisi" ya chama haina pa kusimama chama kinapokosea au kinapoanguka. Msimulizi aliyeweza kumkabili mkuu wa Singné hana sauti ya kuwahoji wenzake.

Kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, kitabu hiki kina funzo. Shaaban Robert alituachia Maisha Yangu na Wasifu wa Siti binti Saad. Katika hicho cha pili, maisha ya mwanamke mashuhuri yanatufikia kwa kalamu ya mwanamume. Naye Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wengi katika TANU, kisha akahukumiwa kwa uhaini na kuachiliwa mwaka 1972, masimulizi yake marefu tunayasoma katika kitabu cha Kiingereza cha Susan Geiger cha mwaka 1997. Aliyasema kwa Kiswahili. Sisi tunayapokea kwa lugha ya kigeni. Kéita, pamoja na ukimya wake wote, aliishika kalamu mwenyewe. Wanawake waliojenga vyama vya wafanyakazi na vya siasa katika nchi zetu wanazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Idara za Kiswahili zina wajibu wa kuwaendea na daftari, zikawaandike kwa maneno yao wenyewe, na zikawaulize pia juu ya miaka ile iliyofuata uhuru.