Montesquieu katika Mizani ya Fiqhi

Baadhi ya wanafunzi wetu hapa Sumbawanga huyatupa yote yaliyosemwa na wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya 18. Wengine huyameza yote. Mfaransa Montesquieu anatuonyesha kasoro ya njia zote mbili.

Katika kitabu chake kikubwa cha sheria, cha mwaka 1748, alidai kuwa utawala wa kiasi unaelekea zaidi Ukristo, na utawala wa kimabavu unaelekea Uislamu. Hapa amekosea. Abu Yusuf, Kadhi Mkuu wa Harun al-Rashid, alimwandikia khalifa Kitabul Kharaj akimwonya asiwadhulumu raia katika kodi. Naye al-Mawardi (aliyefariki 450 Hijria) ameeleza baraza la madhalim, lililosikiliza malalamiko dhidi ya maliwali na watoza kodi.

Lakini kitabu hichohicho kinataka hakimu atenganishwe na mtawala, na hapo kina hoja. Kadhi wa Bani Abbas aliteuliwa na khalifa, na khalifa akitaka humuuzulu. Imamu Abu Hanifa (aliyefariki 150 Hijria) aliukataa ukadhi, akafungwa. Yeye alilindwa na taqwa yake. Montesquieu alitafuta kanuni ya kumlinda hata hakimu dhaifu. Leo Ibara ya 107B ya Katiba ya Tanzania inataka mahakama ziwe huru. Mkulima wa Ufipa anayemdai mwenye nguvu shamba lake anaihitaji kanuni hiyo.

Suratul Maida, aya ya 8, inakataza chuki isitutoe katika uadilifu. Basi tuikatae tuhuma yake, na lililo la haki tulichukue.

Wallahu a'lam.