Kufuta, Kuvunja, Kubatilisha: Tuchunge Maneno ya Kumaliza Jambo

Lugha yetu ina maneno mazuri ya kuanzisha jambo. Tunajua kuposa, kutawaza, kubariki, kufungua. Tukiandika juu ya desturi, hayo ndiyo tunayaeleza kwa furaha. Lakini maneno ya kumaliza jambo kwa sheria hatuyajali sana. Mtu anatoka kwenye mkutano, anafika Lushebere, wanamuuliza habari, naye anajibu: «Ile sheria balishaifuta.» Basi, wote wanaamini kwamba kila kitu kimekwisha. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo fujo inapoanzia.

Tuchukue kwanza neno kufuta. Kila aliyepita shuleni anajua kufuta ubao. Mwalimu anapofuta ubao, maandishi yanatoweka, lakini yale wanafunzi waliyokwisha kuandika katika madaftari yanabaki. Kufuta sheria ni vivyo hivyo. Kuanzia siku fulani sheria haitumiki tena. Lakini kwa kawaida yale watu waliyoyapata ilipokuwa ikitumika hayapotei. Kubatilisha ni jambo lingine. Ni kuingia katika daftari lenyewe na kusema kwamba hata kilichoandikwa mle hakina nguvu, kana kwamba hakikuandikwa. Kifaransa cha tribinali kinatenga abroger na annuler. Sisi, katika mazungumzo, tunayatupa yote mawili katika kikapu kimoja cha kufuta.

Msomaji atasema: hayo ni mambo ya walimu tu. Hapana. Mfano mkubwa uko hapa kwetu Masisi. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972, katika kifungu cha 15, iliwapa uraia wa Zaire watu waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikaifuta ile ya 1972. Halafu, mwaka 1982, ikatoka amri iliyosema kwamba hati za uraia zilizotolewa kwa kifungu kile cha 15 ni batili. Tuangalie vizuri: mwaka 1981 ulifutwa ubao, mwaka 1982 likachanwa daftari. Ni hatua mbili, na kila moja ina uzito wake. Hata hivyo, hadi leo wengi wanazisimulia kwa neno moja tu: «Balifuta uraia.» Na wachache wanaongeza kwamba sheria ile ya 1981 nayo ilikuja kufutwa na sheria nyingine, ya tarehe 12 Novemba 2004.

Hatusemi kwamba neno ndilo lilileta vita ya mwaka 1993, ile iliyoanzia Ntoto, katika Walikale, ikaingia Masisi. Mlikuwamo mashamba, mlikuwamo mamlaka, mlikuwamo siasa. Lakini mtu asiyejua kama kilichoondolewa ni sheria au ni karatasi yake, huyo ni rahisi kudanganywa. Na jirani yake pia ni rahisi kuchochewa.

Kuna neno la tatu, kusimamisha. Tumesikia watu wenye masomo yao wakisema kwamba adhabu ya kifo ilifutwa katika nchi yetu. Haikufutwa. Baada ya mwaka 2003 Serikali iliacha kuitekeleza, lakini ilibaki katika vitabu vya sheria, na matribinali yaliendelea kuitoa. Mwezi wa Machi 2024 waziri wa sheria akatangaza kwamba kule kusimamisha kumekwisha. Waliodhani adhabu ilifutwa walishangaa sana. Kilichosimamishwa kinaweza kuamka siku yoyote.

Tena kuna kupunguza. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka bibi aombe ruhusa ya bwana wake katika mambo mengi ya kisheria. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yaliondoa ruhusa hiyo; sasa bwana na bibi wanapaswa kupatana. Mitaani ikageuka kuwa: «Balivunja mamlaka ya bwana.» Lakini sheria ile ile bado inamwita bwana mkuu wa nyumba. Kwa hiyo kilichoondolewa ni ruhusa, si ukuu. Wanaume wamekasirikia jambo ambalo halikufanyika, na wanawake wengi hawajajua lile lililofanyika.

Na wazee wetu, walimalizaje mambo? Tutazame kuvunja ndoa. Familia mbili zinakaa, mashahidi wapo. Wanahesabu mbuzi au ng'ombe waliotolewa, wanasema wangapi watarudi na wangapi hawatarudi. Kama kuna watoto, wanasema watakaa wapi, maana watoto hawabatilishwi. Mtu akitoka pale anajua nani amemaliza, tangu siku gani, na nini kimebaki. Katika jambo hili, baraza la wazee linaeleza vizuri kuliko tangazo nyingi za redio.

Lakini tusiwasifu wazee kupita kiasi. Maneno yao hayakuandikwa, na mashahidi wakifa, ugomvi unafufuka. Tena bibi mwenyewe, ambaye ndoa yake ndiyo inavunjwa, mara nyingi hakupewa nafasi ya kusema. Hilo nalo ni la kurekebisha, si la kuhifadhi.

Shauri letu ni hili. Wanaotafsiri sheria kwa Kiswahili, makanisani, redioni na kwenye mikutano ya chifu, watenge maneno: kufuta kwa sheria isiyotumika tena, kubatilisha kwa kitu kinachohesabiwa kama hakikuwako, kusimamisha kwa kinachongoja, kuvunja kwa ndoa, kikundi au baraza. Sisi walimu tuwafundishe watoto maneno hayo pamoja na maswali matatu ya wazee: nani amemaliza? Tangu lini? Nini kimebaki? Mtoto atakayejua kuuliza hivyo hatakimbia na panga kwa sababu ya habari nusu. Atasema kwanza: mnionyeshe karatasi, tusome.