Besi Hulinda Moja

Katika arusi moja ya taarabu mjini Lamu nilimsikia mpiga dumbaki akikimbia katikati ya wimbo. Nilihesabu kwa saa ya mkononi: alianza na mapigo kama 100 kwa dakika, na kufikia kiitikio cha pili alikuwa amefika 106 hivi. Wageni hawakugutuka. Aliyeng'amua mapema ni mpiga gitaa la besi, na namna alivyoliokoa jambo lile inafaa kuchambuliwa, kwani hakung'ang'ania kasi ya mwanzo.

Hesabu inaonyesha kwa nini alifanya vyema. Kwa kasi ya 100, pigo moja huchukua sekunde 0.6. Kwa 106 huchukua kama sekunde 0.566. Tofauti hiyo sikio halishughuliki nayo, ila hujilimbikiza. Besi ikibaki kwenye 100 na dumbaki ikahamia 106, baada ya mapigo manane tu zimeachana kwa zaidi ya robo sekunde, karibu nusu ya pigo. Hapo mwimbaji husikia nyimbo mbili na hajui aufuate upi. Kwa hiyo mwenye besi alimfuata mwenzake kwanza, akajifunga naye, kisha akaanza kumrudisha polepole.

Alianza kwa kuacha mapambo yote. Chukua mdundo wa maksumu, unaotoka Misri: katika nafasi nane, dumu (pigo zito) huangukia ya kwanza na ya tano, taki (pigo kali) huangukia ya pili, ya nne na ya saba. Alibakiza noti mbili tu, zile za dumu, akazirefusha na kuziweka nyuma kidogo ya ngozi. Mpiga dumbaki anayekimbia akisikia dumu yake imetangulia na uzito wa besi unakuja baadaye, mkono wenyewe huanza kungoja. Kazi hiyo ilichukua beti mbili nzima. Nahodha wa jahazi katika mlango wa bahari wa Mkanda hapo Lamu hageuzi usukani kwa mkupuo, na kasi ya wimbo nayo hairudishwi kwa mzunguko mmoja.

Kosa la aina ya pili hutokea kwenye mbwembwe za mwisho wa ubeti. Mkono ukichangamka, mbwembwe huweza kufupika au kurefuka, na mapigo manne yakawa matatu na nusu. Hapa mwenye besi asimfuate. Ashike noti moja ndefu, ahesabu kimoyomoyo, na atue kwenye moja, yaani pigo la kwanza la mzunguko. Mbwembwe zikipita, dumbaki itakuta mahali pa kukanyaga.

Kosa zito zaidi ni kupotea: dumu inaangukia mahali pa taki, na kikundi kizima kinageuka miguu juu. Nani afuatwe? Mwimbaji. Nyimbo nyingi za taarabu ni mashairi ya mizani 16 kwa mshororo, 8 za ukwapi na 8 za utao, na mizani hizo ni kipimo kisichotegemea ngoma. Mwenye besi aliyelelewa Lamu, mji wa washairi, anazo mizani hizo masikioni tangu utotoni. Apige noti ya msingi kwenye moja ya mwimbaji, kwa nguvu na bila kuipamba, mpaka mpiga dumbaki aruke pigo moja na kurudi. Amtazame kwa upole, kwani uso uliokunjwa humtia mwenzake kiwewe na kumpoteza zaidi.

Hata hivyo, si kila kasi inayopanda ni kosa. Kuna mchapuzo, pale wimbo unapokolezwa kwa makusudi ili watu wacheze. Mimi hupima kwa kinywa cha mwimbaji: akiwa anatamka kila silabi na wachezaji wamo, huo ni mchapuzo, na besi ipande nao. Akianza kumeza silabi, dumbaki inakimbia.

Muziki wa kidumbaki wa Unguja unatufunza jambo jingine. Besi yake ni sanduku lenye uzi mmoja uliofungwa kwenye fimbo, na sauti yake hufa upesi. Mpigaji wa sanduku hawezi kujificha nyuma ya noti ndefu; usalama wake ni kulipiga pigo mahali pake hasa, akiwa ubavuni mwa ngoma. Ukaribu huo una maana. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mita 6 kati ya besi na dumbaki huleta ucheleweshaji wa karibu sehemu 18 kwa 1,000 za sekunde kabla mtu yeyote hajakosea. Katika vikundi vidogo vya udi, dumbaki na rika (tari ndogo), nyuzi nene za udi ndizo zinazobeba kazi ya besi, na mpigaji naye hana budi kuketi karibu na dumbaki.

Usiku ule nilihesabu tena kwenye ubeti wa mwisho: mapigo 101. Mpiga dumbaki alikuwa ametulia, dumu yake imekaa ndani ya besi, na mwimbaji alipofika mwisho wa ukwapi alipata nafasi ya kuvuta pumzi kamili.