Nani Kasema Tingatinga ni Mambo ya Kitoto?

Kwa Kiswahili cha mtaani, neno "kitoto" halina heshima. Mtu mzima akiambiwa ana akili za kitoto, ametukanwa. Akiambiwa aache utoto, maana yake arudi kwenye mambo ya maana: kodi ya nyumba, ada ya shule, umeme. Ndiyo maana inashangaza kwamba uchoraji wa Tingatinga, ambao umelitangaza jiji la Dar es Salaam duniani kuliko uchoraji mwingine wowote, umesifiwa kwa zaidi ya miaka hamsini kwa neno hilohilo. Wageni walioupenda waliuita uchoraji wa kitoto, usio na hila, wa mtu ambaye hakupita shule ya sanaa. Walikusudia kusifu. Sisi wenyewe tumeligawana neno hilo: wengine tunalirudia tukitaka kuuza picha, wengine tunaona haya na kupita mbele ya picha zile kama tunavyopita mbele ya duka la zawadi za watalii.

Ninapenda kubishana na pande zote mbili. Naona neno lenyewe linafaa, ila limefafanuliwa vibaya. Katika picha za Edward Saidi Tingatinga kuna utoto kweli, na mtu mzima anaweza kujifunza kutoka kwake namna ya kuupata tena. Lakini utoto huo ulitokana na uamuzi na kazi, na unaweza kupotea. Umekwisha kupotea katika picha nyingi zinazobeba jina lake.

Tuanze na mtu mwenyewe. Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, alikwenda Tanga kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge, kisha akaja Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na bustani kwa wenye nazo. Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa na miaka 36 hivi. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, wilaya ya Kinondoni, nje ya maduka ya Morogoro Stores ambako wageni walikuja kununua mahitaji. Mwaka 1972 polisi waliokuwa wakifukuza wahalifu walilidhania gari alilokuwamo kuwa ndilo, wakampiga risasi, akafa. Kazi yote tunayoizungumzia ilifanyika katika miaka minne tu.

Naomba msomaji asiipite haraka ile miaka 36. Katika umri huo mtu wa Dar ana mke au mume, watoto, madeni, na ndugu wa kijijini wanaosubiri kutumiwa chochote. Ndio umri ambao watu wanatuambia muda wa kujaribu mambo umekwisha. Huko Paris, Henri Rousseau aliyekuwa mtoza ushuru wa mji aliacha kazi mwaka 1893 akiwa na miaka 49 ili achore tu. Alichora misitu ya mbali yenye simba na nyani bila kuvuka mpaka wa Ufaransa maisha yake yote. Naye aliitwa mtoto. Wote wawili walianza wakiwa watu wazima, wakiwa na mazoea ya kazi za mikono na za watu wengine. Mtoto halisi hawezi kufanya walichofanya, kwa sababu mtoto hana cha kukiacha nyuma.

Sasa tutazame picha yenyewe. Katika kazi nyingi za Tingatinga kuna mnyama mmoja. Mwili ameuchora kwa ubavu, lakini uso mara nyingi umetugeukia. Nyuma yake kuna rangi moja iliyopakwa bapa. Ardhi inaweza kukosekana, na kivuli pia. Kama kuna mti, ni matawi machache tu. Anayetafuta ufanano na mnyama wa mbugani atasema miguu imekosewa. Lakini mtazame chui: madoa yamejaa mwili mzima, moja moja, yamepangwa kwa subira. Mchoraji amejiuliza nini kinachomfanya chui awe chui, akajibu kwamba ni madoa na ni jicho, kisha akayapa madoa na jicho nafasi yote. Vingine vyote amevinyima nafasi.

Hivyo ndivyo mtoto wa Temeke anavyotengeneza gari. Anachukua kopo la mafuta, au boksi, anakata matairi kutoka kwenye soli ya kandambili iliyochakaa, anatoboa kwa msumari, anapitisha kijiti, anafunga kamba mbele. Gari halina milango wala taa. Ukimuuliza, atakwambia ni lori la mchanga la kwenda Mbagala, na atalipigia honi kwa mdomo. Hajadanganyika hata kidogo. Anajua vizuri kuwa ameshika kopo. Alichokifanya ni kuchagua: lori ni kitu chenye matairi kinachobeba mzigo na kufika mahali, basi. Hayo mawili matatu akiyapata, jina linamalizia kazi.

Na Tingatinga alifanya vivyo hivyo hata katika vifaa. Alichora kwenye hadibodi, zile mbao bapa za kufunikia dari, zilizokatwa mraba wa kama futi mbili kwa mbili, kwa rangi ya mafuta inayong'aa ambayo hutumika kupaka baiskeli. Dari na baiskeli: vitu viwili vya fundi, hakuna kimojawapo kilichotengenezwa kwa ajili ya sanaa. Watu husimulia jambo hili kwa huruma, kwamba maskini hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Mimi nalisoma kama kitendo chake cha kwanza cha ubunifu, kabla hata ya kushika brashi. Kuona ubao wa dari na kusema "hapa atakaa chui" ni kitu kilekile cha kuona kandambili na kusema "hili tairi".

Ili kulipima wazo hili nje ya maneno, mwaka jana nilinunua kipande cha hadibodi kwenye duka la vifaa vya ujenzi Tandika, makopo manne madogo ya rangi ya mafuta na brashi mbili. Nikakaa barazani na binti wa dada yangu, mwenye miaka sita. Jambo la kwanza nililojifunza ni la kifundi. Rangi ile haikubali haraka. Ukipaka njano juu ya nyekundu ambayo haijakauka, unapata tope. Kwa hiyo lazima upake rangi ya nyuma, usubiri. Upake mwili, usubiri. Ndipo uweke madoa. Yaani picha inayoonekana kama imetoka kwa pumzi moja imepangwa tangu mwisho hadi mwanzo. Mtu aliyefanya kazi hiyo kila siku, akitegemea mlo, hakuwa akicheza ovyo.

Jambo la pili lilitoka kwa yule binti. Nilipofikia twiga wangu, akauliza, "Mjomba, huyu anamwangalia nani?" Sikuwa nimefikiria kwamba anamwangalia mtu. Tukazungumza, tukakubaliana kwamba anamwangalia mama yake aliyekwenda sokoni. Baada ya hapo ilikuwa rahisi kujua jicho likae wapi na shingo ielekee upande gani. Naamini uso wa chui wa Tingatinga umegeuzwa kwetu kwa sababu ya swali la aina hiyo. Mnyama anayetazama ana habari, na picha inakuwa mazungumzo. Charles Baudelaire aliandika mwaka 1863 kwamba kipaji kikubwa ni utoto uliorudishwa kwa hiari, ukiwa sasa na nguvu na akili ya mtu mzima ya kujieleza. Subira ya rangi ya mafuta ni ya mtu mzima. Swali la "anamwangalia nani?" ni la mtoto. Kazi ya Tingatinga inasimama kwa miguu hiyo miwili.

Ukishaona hivyo, unaweza kueleza kwa nini picha nyingi za leo zinachosha. Baada ya kifo chake, ndugu na wanafunzi wake waliendeleza kazi, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika rasmi ambao hadi leo una makao yake palepale Morogoro Stores. Ni mafanikio yasiyo ya kubezwa: familia nyingi zimekula na kusomesha watoto kutokana na mbao zile. Lakini pita kwenye maduka ya picha ya jijini uhesabu tembo chini ya Mlima Kilimanjaro, uhesabu pundamilia waliosongamana kama abiria wa saa moja asubuhi. Mikono ni hodari, pengine hodari kuliko ya mwanzilishi. Mistari ni safi na rangi zimefifishwa vizuri kutoka giza kwenda mwanga. Kinachokosekana ni kuchagua. Mchoraji hajajiuliza tembo ni nini. Ameulizwa anataka tembo wangapi na lini. Mtalii alikwisha kumwona tembo huyo kwenye duka la jirani, na anataka yuleyule.

Kwa hiyo ubunifu wa kitoto hauuawi na umri. Unauawa na oda. Mtu anayetengeneza kitu ambacho mnunuzi alikwisha kukiona kabla hana nafasi ya kushangaa, awe na miaka ishirini au sitini. Sisemi hivyo kumlaumu mchoraji, maana tumbo halisubiri mshangao. Nasema tusimsifu kwa utoto ambao soko limemnyang'anya. Tena sifa hiyo ina bei: kazi ya mtoto hulipwa kama ya mtoto. Anayeambiwa kwamba anachora kwa moyo tu, bila kufikiri, ataona ugumu kudai ujira wa kufikiri.

Wapo waliotoroka. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa Masasi mwaka 1934, hakuwa wa kundi la Tingatinga; alikulia katika uchongaji, akafanyia kazi zake Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa jijini mwaka 1972. Alichukua mashetani wa vinyago vya Kimakonde, akawahamishia kwenye rangi kali, wakiwa na masikio makubwa na matumbo yaliyojitokeza, wakibebana, wakila, wakichekana kama watu wa uswahilini kwetu. Viumbe wa kuogopwa wakawa majirani. Alifariki mwaka 2005 na bado ukiitazama kazi yake unahisi hakujua kesho shetani wake angefanya nini. Na ndani ya kundi la Tingatinga lenyewe, Mohamed Charinda alichora visa: watu, mizimu, hadithi za kale, picha ambazo lazima uzisome kuanzia pembe moja hadi nyingine. Aliyeanza kwa kutaka kusimulia anarudi kwenye swali la mtoto hata kama hakukusudia.

Kisa kimoja kinanivutia zaidi kwa sababu kilizirudisha picha hizi kwa watoto wenyewe. Mwaka 2010 mfululizo wa katuni uitwao Tinga Tinga Tales, uliochorwa Nairobi kwa mtindo huu, ulianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya watoto ya Uingereza. Kila kisa kinajibu swali la "kwa nini": kwa nini mnyama fulani ana hiki, kwa nini fulani yuko vile. Waandaaji walielewa jambo ambalo maduka yetu yalilisahau, kwamba chui huyu anatoka kwenye ukoo mmoja na ngano za bibi zetu, ambazo nazo huuliza kwa nini fisi anachechemea. Hata hivyo katuni ilitenda kosa lake. Wanyama wanazungumza bila kupumzika, na mandhari yamejaa nyasi, maua na milima. Ile rangi moja bapa ya Tingatinga ilimwachia mtazamaji mahali pa kuingia na hadithi yake. Kwenye skrini mahali hapo pamejazwa na watu wengine.

Ninaishi Temeke. Kuta za shule nyingi za chekechea ninazopita zimechorwa Mickey Mouse, wakati mwingine masikio yamepinda, na nambari moja hadi kumi. Fundi aliyemchora ni mtu mzima mwenye brashi na rangi ya mafuta, kama Tingatinga. Angeweza kuulizwa na watoto wa shule hiyo wachorewe nini, na mnyama huyo anamwangalia nani. Gharama ya rangi ingekuwa ileile. Tatizo ni kwamba tumekubali mambo mawili kwa pamoja: kwamba picha za Tingatinga ni za kitoto, na kwamba ni za watalii. Matokeo yake mtoto wa Mbagala anaweza kumaliza darasa la saba bila kumwona chui yule aliyezaliwa upande wa pili wa jiji lake.

Kwa hiyo utakapokutana na picha ya Tingatinga, usianze kwa kupima kama mnyama amefanana. Angalia mchoraji ameacha nini, kisha uulize kama aliamua kukiacha au hakuwahi kufikiri juu yake. Angalia jicho linaelekea wapi. Kama picha inajibu, mnunulie mtu yule kazi yake kwa bei ya kazi ya mtu mzima. Kama haijibu, muulize mchoraji kama ana nyingine ambayo hakuagizwa na mtu. Mara nyingi ninapouliza hivyo, hutolewa ubao mmoja kutoka nyuma kabisa, nyuma ya tembo wote, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.